Voyager 1 iliipita Pioneer 10: je, vyombo vya anga za juu hukutana?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Mbagala. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba Februari 1998 Voyager 1 iliipita Pioneer 10, na sasa darasa limegawanyika. Wapo wanaosema vyombo hivyo vilipishana kwa karibu, hata vingeweza kupigana picha. Wengine wanaamini ipo siku viwili kati ya vile vinavyotoka nje ya mfumo wa Jua vitagongana. Mmoja ameniletea takwimu za intaneti zinazoonyesha umbali wa Voyager 1 ukipungua siku hadi siku, akadai kwamba chombo kinarudi. Mwingine anauliza: kama anga ni tupu kiasi hicho, mbona Wahindi walilazimika kukwepesha chombo chao kule mwezini? Nimejibu nilivyoweza, lakini sijaridhika. Naomba ufafanuzi ambao naweza kuupeleka darasani.*

Mwalimu, nikilielewa vizuri swali lako, kinachokusumbua ni kwamba una habari mbili za kweli ambazo zinaonekana kupingana. Ya kwanza ni kwamba anga za juu ni pana mno kiasi kwamba vyombo viwili kukutana ni jambo ambalo halitarajiwi kabisa. Ya pili ni kwamba wapo wahandisi ambao kazi yao ya kila siku ni kukesha wakihesabu kama vyombo viwili vitapita karibu kupita kiasi. Zote mbili ni sahihi, na zinapatana mara tu unapotenganisha safari za kwenda moja kwa moja na safari za kuzunguka. Wanafunzi wako wamezichanganya hizo mbili, na siwalaumu, kwa sababu hata magazeti huzichanganya.

Tuanze na Voyager 1 na Pioneer 10. Pioneer 10 ilirushwa Machi 1972, na Voyager 1 ikarushwa Septemba 1977 ikiwa na mwendo mkubwa zaidi. Tarehe 17 Februari 1998 zote mbili zilikuwa mbali na Jua kwa umbali uleule, yaani mara 69.4 ya umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua. Umbali huo wa wastani ni takribani kilomita milioni 150, na wanaastronomia huufanya kuwa kizio kimoja. Kuanzia siku hiyo Voyager 1 ikawa ndiyo chombo cha mbali zaidi kilichotengenezwa na binadamu. Lakini Pioneer 10 ilikuwa upande mwingine kabisa wa Jua, ikielekea upande wa kundi la nyota la Ng'ombe, ilhali Voyager 1 ilikuwa inaelekea karibu upande wa pili. Waulize wanafunzi: basi likiondoka Kariakoo kwenda Bagamoyo na jingine likaondoka hapohapo kwenda Mkuranga, halafu la Bagamoyo likafika mbali zaidi, je, madereva walipungiana mikono njiani? Siku ile ya 1998, nafasi kati ya vyombo hivyo viwili ilikuwa karibu kilomita bilioni 20, na ilikuwa inaongezeka.

Kwa hiyo umbali kutoka kwenye Jua pekee hautuelezi chochote kuhusu umbali kati ya chombo na chombo. Tunahitaji pia pembe kati ya pande vinakoelekea, na kwa hilo hesabu ya shule inatutosheleza kabisa. Tuchukue Voyager 1 na Voyager 2 kwa namba za mviringo zinazokaribia hali ya sasa: ya kwanza iko vizio 170 kutoka kwenye Jua, ya pili iko vizio 140, na mtu aliyesimama kwenye Jua angeona pembe ya digrii 80 hivi kati yake. Mwanafunzi achore pembetatu yenye Jua kwenye kona moja, kisha atumie kanuni ya kosaini. Mraba wa 170 ni 28,900 na mraba wa 140 ni 19,600, jumla 48,500. Mara mbili ya 170 kwa 140 ni 47,600, na ukizidisha kwa kosaini ya digrii 80 unapata kama 8,260. Toa hiyo kwenye jumla, tafuta kipeuo cha pili, na utapata takribani vizio 200, yaani kilomita bilioni 30. Mwanga wenyewe ungechukua karibu saa 28 kutoka Voyager moja hadi nyingine. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kila moja ya Voyager iko karibu zaidi na sisi kuliko ilivyo karibu na mwenzake.

Je, ipo siku zitakutana? Hapana. Vyombo vilivyokwisha kupata mwendo wa kuiepuka kabisa nguvu ya uvutano ya Jua ni vitano: Pioneer 10, Pioneer 11, Voyager 1, Voyager 2 na New Horizons. Vyote vimeanzia mahali pamoja, na kila kimoja kinafuata mstari ulio karibu kunyooka kwenda upande wake, kwa hiyo kadiri muda unavyopita ndivyo vinavyozidi kutawanyika. Voyager 1 ilipindishwa njia na uvutano wa Zohali mwaka 1980 ikaelekea kaskazini ya bapa la mizingo ya sayari. Voyager 2 iliendelea hadi Uranus mwaka 1986 na Neptune mwaka 1989, na Neptune ikaielekeza kusini. Nafasi kati yake sasa inaongezeka kwa zaidi ya kilomita milioni 600 kila mwaka.

Kama wanafunzi wanataka jozi ya kubishania, wape Pioneer 11 na New Horizons, kwa sababu pande zinakoelekea hazitofautiani sana, na New Horizons ndiyo yenye mwendo mkubwa zaidi kati ya hizo mbili. Hata hivyo zimeachana kwa zaidi ya kilomita bilioni 8, na itachukua zaidi ya miaka 100 kabla New Horizons haijafikia umbali uleule kutoka kwenye Jua, na siku hiyo pia hazitakuwa jirani. Majirani wa kweli wa vyombo hivi, nikiruhusiwa kuongeza, ni vitu ambavyo hakuna anayevitaja: roketi za mwisho zilizovisukuma. Roketi iliyoipa New Horizons msukumo wa mwisho mwaka 2006 nayo imeshinda uvutano wa Jua, na inasafiri kimya upande uleule bila mtu kuisimamia.

Tukija kwa mwanafunzi aliyeleta takwimu, naomba umsifu kwanza, kwa maana ameona jambo la kweli. Kwa miezi michache ya mwanzo wa kila mwaka, umbali kati ya Voyager 1 na Dunia hupungua. Voyager 1 inakimbia Jua kwa takribani kilomita 17 kwa sekunde, lakini Dunia inalizunguka Jua kwa takribani kilomita 30 kwa sekunde, na inapokuwa kwenye sehemu ya mzingo wake inayoelekea upande iliko Voyager, sisi ndio tunaoifuata kwa kasi kuliko inavyotukimbia. Baadaye Dunia hugeuka kwenye mzingo wake na umbali huongezeka tena, safari hii zaidi ya mwanzo. Umbali kutoka kwenye Jua haujapungua hata siku moja. Mwambie aangalie kichwa cha safu ya takwimu zake: kama imeandikwa umbali kutoka Dunia, mawimbi hayo ya kupanda na kushuka ni ya Dunia, si ya Voyager.

Kuhusu kupigana picha, lipo tukio moja ambalo nalipenda. Desemba 2020 New Horizons, ikiwa mbali kupita Pluto, ilielekeza kamera yake upande iliko Voyager 1 na kupiga picha. Voyager 1 ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 18 kutoka hapo. Picha inaonyesha nyota tu, na mahali ilipo Voyager pamezungushiwa duara la njano, kwa kuwa chombo chenyewe ni hafifu mno kwa kamera hiyo kukiona. Vilevile vyombo hivi haviongei vyenyewe kwa vyenyewe; kila kimoja huongea na Dunia. Julai 2023 amri yenye kosa iliifanya Voyager 2 igeuze antena yake kiasi cha digrii 2 kando ya Dunia, na mawasiliano yakakatika. Hakukuwa na chombo jirani cha kuomba kipeleke ujumbe. Amri ya kurekebisha ilirushwa kwa nguvu kubwa kutoka kituo cha Canberra huko Australia, ikasafiri zaidi ya saa 18, na wahandisi wakangoja muda kama huo tena ndipo wajue kwamba imesikika. Huko Mirihi hali ni tofauti, kwa sababu magari yaliyo ardhini hupitisha taarifa zao kwa vyombo vinavyozunguka sayari juu yake.

Na tukishafika Mirihi, tumefika kwenye nusu ya pili ya swali lako, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu.

Chombo kinachozunguka sayari hurudi palepale, tena na tena, mara nyingi kwa siku. Kama mizingo ya vyombo viwili inakatana mahali fulani, kila kimoja kitapita kwenye njia panda hiyo maelfu ya mara, na swali linalobaki ni kama siku moja vitafika kwa wakati mmoja. Kutofautiana kwa saa chache tu kunaondoa hatari yote. Agosti 2021 Solar Orbiter na BepiColombo zote zilipita karibu na Zuhura, lakini kwa kupishana kwa saa 33, na kwa hiyo zilikuwa zimeachana kwa zaidi ya kilomita nusu milioni. Kwa vyombo vilivyo kwenye mzingo, hesabu huwa si ya saa bali ya sekunde.

Mwezi Aprili 2005 Mars Global Surveyor, ambayo kamera yake ilitengenezwa kutazama ardhi ya Mirihi, ilipiga picha ya Mars Express ikipita umbali wa kilomita 250 hivi, na siku iliyofuata ikaipiga Mars Odyssey kwa umbali wa kati ya kilomita 90 na 135. Hizo ndizo picha za kwanza za chombo kinachozunguka sayari nyingine kupigwa na chombo kingine kinachoizunguka. Baada ya vyombo viwili zaidi kufika Septemba 2014, MAVEN ya Marekani na chombo cha kwanza cha India kuizunguka Mirihi, Wamarekani waliimarisha utaratibu wa kutabiri mikaribiano. Haikuchukua muda: mwanzoni mwa Januari 2015 kompyuta zilionya kwamba MAVEN na Mars Reconnaissance Orbiter zingeweza kupishana kwa kilomita 3 hivi ndani ya wiki mbili. Siku zilipokaribia, utabiri ukawa bora zaidi, na ikaonekana hakuna haja ya kusogeza chochote. Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya mwezi mdogo Phobos: ilihesabiwa kwamba Phobos na MAVEN vingefika mahali pamoja tarehe 6 Machi 2017 vikiwa vimepishana kwa sekunde 7 tu. Tarehe 28 Februari MAVEN ilibadilisha mwendo wake kwa mita 0.4 kwa sekunde, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na hilo likatosha.

Sasa la Wahindi. Chandrayaan-2 na chombo cha Marekani Lunar Reconnaissance Orbiter zote huzunguka Mwezi kwa kupita karibu na ncha zake mbili. Sababu ni ya kisayansi, kwani mzingo wa aina hiyo hukuwezesha kuona uso wote wa Mwezi kadiri Mwezi unavyojizungusha chini yako. Lakini matokeo yake ni kwamba vyombo vyote vya aina hiyo hukusanyika juu ya ncha, na njia zao hukatana huko kila mzunguko. Oktoba 2021 pande zote mbili zilihesabu, kila moja kwa njia yake, kwamba tarehe 20 vyombo hivyo vingekaribiana juu ya ncha ya kaskazini. Tofauti ya kimo ingekuwa chini ya mita 100, na umbali wa jumla ungekuwa kilomita 3 hivi. Walikubaliana Chandrayaan-2 isogee, nayo ikasogezwa tarehe 18.

Wanafunzi watasema kilomita 3 ni nyingi. Waombe wahesabu. Chombo kilicho kimo hicho juu ya Mwezi husafiri takribani kilomita 1.6 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 3 ni safari ya chini ya sekunde mbili. Ikiwa utabiri wako wa wakati una kosa la sekunde mbili, basi hizo kilomita 3 ulizozitegemea huenda hazipo. Na makosa hayo yana vyanzo halisi: uvutano wa Mwezi hauko sawa kila mahali, kwa kuwa kuna sehemu za chini ya ardhi zenye uzito mwingi zaidi zinazoivuta mizingo kidogo kidogo, Mirihi ina angahewa nyembamba ambayo hupanuka na kusinyaa, hata mwanga wa Jua husukuma chombo. Nafasi ya chombo siku kumi zijazo si nukta, ni wingu refu lililolala kwenye mwelekeo wa safari. Mhandisi haulizi tu kama nukta mbili zimeachana, anauliza kama mawingu mawili yamegusana. Ndiyo maana tofauti ya kimo ya mita 100 iliwatia wasiwasi kuliko zile kilomita 3: kimo ndicho kinachotabirika vizuri zaidi, na ukikosa nafasi ya kutosha kwenye kimo, unabaki kuutegemea wakati ambao huna uhakika nao.

Huenda mtu akauliza kwa nini wasisogeze tu kila mara ili walale usingizi. Kusogea hula mafuta ambayo hayaongezwi tena, na mafuta yakiisha chombo hupoteza uwezo wa kutunza mzingo wake. Pia hukatiza vipimo vya kisayansi, na kunaweza kukiondoa chombo kwenye njia ya jirani mmoja na kukiweka kwenye njia ya mwingine. Kungoja nako kuna gharama yake, kwa kuwa utabiri huboreka kadiri siku inavyokaribia, lakini nafasi ya kutuma amri hupungua. Kwa maoni yangu uamuzi wa Januari 2015 wa kuacha na uamuzi wa Oktoba 2021 wa kusogea yote yalikuwa sahihi, ingawa namba ya kilomita 3 ilitajwa katika matukio yote mawili. Jambo hilo pekee linatosha kuwafundisha wanafunzi kwamba umbali usioambatana na kiwango cha uhakika wake haujakamilika.

Mfano mgumu uko karibu nasi, kwenye setilaiti za Dunia. Tarehe 10 Februari 2009 Iridium 33 iliyokuwa inafanya kazi na Kosmos 2251 iliyokuwa imekufa ziligongana juu ya Siberia, kwenye kimo cha kilomita 790 hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 11.7 kwa sekunde. Utabiri wa hadharani uliokuwepo ulisema zingepishana kwa mita 584.

Lakini si kila ukaribu ni balaa. Machi 2024 Lunar Reconnaissance Orbiter ilipiga picha chombo cha Korea Kusini, Danuri, vikipishana kwa kilomita chache juu ya Mwezi, kimoja kikienda huku na kingine kule, kwa mwendo wa pamoja wa kilomita 11,500 kwa saa. Ingawa mlango wa kamera ulifunguka kwa sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde, Danuri ilitokea kama mstari mwembamba, imevutika mara kumi ya ukubwa wake. Waonyeshe wanafunzi picha hiyo kabla hujawaambia ni kitu gani.

Kuhusu namna ya kulifundisha hili, una njia tatu, na hazilingani. Programu za kompyuta zinazoonyesha mfumo wa Jua huvutia, lakini huchora vyombo kama nukta kubwa ili vionekane, na nadhani hapo ndipo wazo la kugongana lilipoanzia kwa wanafunzi wako. Kuchora pembetatu ubaoni ni polepole zaidi na hakuna rangi, ila haidanganyi, na mimi ningeanza na hiyo. Njia ya tatu ni kuchukua takwimu halisi kutoka Horizons, huduma ya bure ya maabara ya JPL ya Marekani, ambayo hukupa mahali kilipo chombo kwa tarehe yoyote unayotaka. Hiyo ndiyo bora kwa wanafunzi walioiva, kwa sharti moja: vyombo vyote viwili vichukuliwe kwa tarehe na saa ileile, na vipimwe kutoka kitovu kilekile, ama Jua ama Dunia, kamwe visichanganywe.

Kwa umbali wa Voyager na wenzake, hesabu za ubaoni zinatosha na huhitaji kumsumbua mtu. Lakini kama kikundi cha wanafunzi kitataka kuhesabu wenyewe mikaribiano ya vyombo vya mwezini au setilaiti za Dunia, kanuni ya kosaini haitoshi tena, kwa sababu watahitaji kukokotoa mizingo inayobadilika pamoja na kiasi cha kosa lake. Hilo si jambo la kufafanuliwa kwa barua. Wapeleke Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, baada ya kuomba miadi, ili wakae na mtu atakayepitia kazi yao mstari kwa mstari. Waende na daftari lenye namba zote walizotumia, pamoja na tarehe, saa na kitovu cha kila kipimo, maana makosa mengi ya hesabu hizi huanzia kwenye hayo matatu.